Ng'ombe wa Jaladani na Kiwele Chake

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu. Likipatikana neno la uongo, mwandishi atatoa gurudumu zima la fromaji, jibini ya Masisi, na hatalia.

Saa mbili asubuhi, njia panda ya Sake. Pikipiki za Masisi na Minova zinapigiana honi, lakini Ladislas Hakorimana amefumba macho, simu ameibana sikioni. Anasikiliza wimbo uliotumwa na kwaya moja ya Walikale. Brashi bado kavu.

"Sishiki rangi kama wimbo haijaingia mu mwili," anasema. "Pochette, jalada ya albamu, njo mulango. Muntu akiona mulango ya baa, asikute ndani sala."

Huu ni mwaka wa kumi na moja akichora majalada ya albamu za kwaya. Alianzia kwenye kuta, akiandika majina ya maduka. Kazi haimtajirishi: mvua ikinyesha juma zima, rangi haikauki na sufuria nayo inapumzika. Hata hivyo, hakuwahi kurudishiwa picha, mpaka kwaya ya Kingi, kule milimani, ilipokuja.

Wimbo wao mkuu unamsifu ng'ombe anayerudi nyumbani jioni. Ladislas akamchora: pembe ndefu, ukungu mgongoni, mlima nyuma. Wapita njia wakasimama kushangaa. Mama Emérita, kiongozi wa kwaya na mfugaji tangu utoto, akachuchumaa, akatazama chini ya tumbo.

"Papa Ladi, hii ngombe wamesha kuikamua."

"Namna gani, Mama?"

"Kiwele iko tupu! Sisi tunaimba ngombe yenye kurudia na maziwa, ndama inalia mu nyumba. Hii yako inatoka kukamuliwa, inaenda ku majani. Hiyo ni wimbo ya asubuhi, ya wengine!"

Albamu ilikuwa itolewe kanisani Jumapili, mbele ya wafugaji wa milima yote. Jalada likikataliwa, kwaya ingekwenda Goma kwa vijana wanaookota picha kwenye interneti, na kwaya nyingine zingefuata.

Ladislas hakubishana. Alifumba macho, akausikiliza wimbo upya.

"Nilisikia miguu," akakiri. "Uzito sikuisikia."

Akakijaza kiwele, akaitanua kidogo miguu ya nyuma, akaushusha mwanga wa jioni. Mama Emérita alipiga vigelegele katikati ya barabara.

Jumapili, jalada lilipotundikwa nje ya kanisa, ndama mmoja alikata kamba, akaja kunyonya picha hadi rangi ikamtoka puani.

"Ee, muzee mwandishi!" Mama Emérita, aliposomewa aya hiyo, alishika mbavu kwa kucheka. "Jumapili weye ulikuwa Sake, unakula mishikaki. Ndama gani? Wimbo hukusikia, na unachora!"

Fromaji imelipwa, gurudumu zima. Ladislas ameitia kwenye begi la safari, maana simu haimtoshi: anataka kuisikia kwaya ya Walikale ikiimba kwao, msituni, ndipo alowanishe brashi. Anamkatia mwandishi aliyelipa kipande.

"Twende na weye, muzee," anasema. "Lakini utasikiliza kwanza."