Siku Ampli Ilipoingilia Sala

Nianze kwa kukiri, maana hata nikinyamaza watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, watawaambia: mimi ndiye yule aliyewalaza wakwe zake chini ya mabenchi ya kanisa. Ni kweli. Sikumpiga mtu wala sikumsukuma, walilala wenyewe, kwa sauti niliyoitengeneza kwa mikono yangu, nikiwa nimevaa suti, siku mdogo wangu alipokuwa akiposwa. Nikiikumbuka hadi leo masikio yanapata joto.

Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Baba tulimwacha kaburini huko Fizi, Kongo, mama akafia hapa kambini, na mimi nikaacha shule darasa la saba nikakalia cherehani yake. Nimewalea wadogo zangu kwa zipu na mifuko ya suruali za watu. Sisemi hivyo ili mnionee huruma, ndivyo ilivyokuwa. Lakini mtu anayeshona kutwa, miguu na mikono ndiyo iko kazini, akili inabaki huru kutembea, na yangu ilikuwa ikienda mahali pamoja tu. Nilipokuwa mtoto nilisikia kutoka redio ya lori lililoegeshwa kwenye mvua gitaa gumu la watu wa roki, sauti kama kitambaa kizito kinapasuliwa taratibu kutoka pindo hadi pindo, na ndani ya ule mpasuko kuna mtu anaimba. Lori likaondoka. Sikujua wimbo wala mpigaji. Nilijua tu kwamba siku moja sauti ile itatoka kwangu.

Sasa, mimi hupiga gitaa kwenye kwaya yetu, na mwaka juzi kwaya ilinituma Lilongwe, soko la Tsoka, nikatafute ampli, mashine ya kukuza sauti ya gitaa. Nikaikuta moja kubwa, nzito kama mtu aliyelala, imekaa chini nyuma ya magodoro. Ilikuwa ya zamani, ile ya lampu za kioo (mgongoni ina lampu sita zimesimama kama chupa ndogo za dawa, na ndizo zinazokuza sauti). Muuzaji alikuwa amekata tamaa nayo, kwa sababu kila aliyeiwasha alisikia kimya, akasema imekufa, akaenda zake. Mimi niliiwasha, nikasikia kimya, lakini nilikuwa nimechoka na jua, nikakaa juu ya godoro kupumzika. Nikavuta pumzi kama kumi. Mara lampu zikaanza kuwa na rangi ya machungwa, moja baada ya nyingine, na gitaa nililokuja nalo, lililokuwa mapajani, likaamka. Kumbe hazikuwa zimekufa, zilikuwa zinapata joto kwanza. Nikarudi nayo kwa minibasi hadi ng'ambo ya Lumbadzi, kisha kwa kabaza, baiskeli ya kukodi, mwenyewe akisukuma na mimi nikisukuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyepanda.

Mama Anjela, rais wa kwaya, hakuipenda tangu siku ya kwanza. Ampli za kawaida ukiongeza, zinaongeza kelele tu. Hii ukiongeza kifundo cha kwanza kati ya vile vya kuzungusha usoni pake, sauti inabadilika tabia, inakwaruza, inanguruma. Akachukua verni yake nyekundu ya kucha, akapaka alama kwenye kila kifundo, kiasi cha kutosha kusindikiza tenzi.

"Wilondja," aliniambia, "we uko mutoto muzuri. Lakini hii masini, mupaka hii alama iko Mungu, kupita hii alama mi sijui iko nani. Usipite."

Sikupita. Miezi mingi sikupita (isipokuwa nyumbani, kwa ampli ndogo ya kuazima isiyo na lampu, ambayo ililia kama nzi kwenye kopo, na wadogo zangu wakanivumilia). Jumapili nilipiga sawasawa, ting ting ting, huku macho yangu yako kwenye zile lampu. Zilikuwa zinawaka kidogo kama vijiji unavyoviona kwa mbali ukiwa safarini, na mimi nikijua kuwa wimbo wa lori uko ndani ya kimojawapo.

Ndipo Riziki, anayenifuata mimi, akapata mchumba. Pascal, kijana mtulivu, kwao ni Likuni. Familia yake ilikuwa na mkubwa wao, Papa Etienne, baba yake mdogo, mwalimu wa zamani anayevaa kofia hata kwenye picha. Huyu alituma mjumbe na neno la heshima lenye mwiba ndani yake: watakuja kuposa, lakini hawawezi kuitikiwa na kijana. Kwenye kiti cha baba wa binti akae mtu mzima, mchungaji au jirani, yeyote mwenye mvi.

Nilikuwa tayari kukubali. Riziki ndiye aliyekataa, akiwa anakoroga bugali, wala hakugeuka (yaya kwetu ni kaka mkubwa, yaani mimi).

"Waambie yaya njo alitulea. Kama yaya hakai kwa ile kiti, basi na mi sitakaa kwa mukeka."

"Riziki, ndoa itakufa."

"Basi ife, tutaizika. Leta bakuli."

Mjumbe akarudi na jibu la Papa Etienne: sawa, tutakuja tumwone huyo baba. Tumwone. Neno hilo lilinikosesha usingizi. Nikajishonea koti, nikalikata kubwa makusudi ili liniongezee miaka, mabega mapana, mikono inafika kwenye vifundo vya vidole. Wadogo zangu walisema nafanana na kabati. Nilifurahi, kabati ni kitu cha heshima.

Nyumba yetu haitoshi wageni, kwa hiyo shughuli ilikuwa kanisani. Asubuhi ile nilitangulia peke yangu kupanga ampli, ili kwaya iimbe wageni wakiingia. Wageni walisema saa nne, na kwa kuwa ni Wakongomani wenzetu nilihesabu saa sita. Kanisa lilikuwa tupu, limefagiliwa, jua linaingia kwa matundu ya bati na kuchora sarafu sakafuni. Nikawasha ampli. Nikasubiri pumzi kumi. Na hapo, jamani, nikajiambia maneno ambayo natamani kuyarudisha kinywani: mara moja tu.

Nikapita alama. Kwanza nilifungua kile kifundo cha kukwaruza hadi mwisho, kama mshamba yeyote, nikapata uji, sauti zote zimeungana hazijulikani. Nikakirudisha kidogo, ikaanza kuwa na meno. Besi nikaipunguza, maana ilikuwa inavimba na kutikisa madirisha bila kusema kitu. Sauti ya kati, ambayo watu huipuuza, nikaipandisha, na gitaa likasogea mbele kama mtu anayetoka kwenye giza la mlango. Ile nyembamba nikaiacha ikate, isichome. Bado palikosekana kitu. Nikagusa kifundo cha mwisho, cha nguvu yote, nikakipandisha polepole hadi zile lampu kubwa zenyewe zikaanza kutoa jasho, zikabadilika kutoka machungwa kwenda rangi ya jua la jioni, nikapiga nyuzi tatu.

Ilikuwa ndiyo. Kitambaa kilipasuka, na ndani yake mtu aliimba. Nilisimama katikati ya mvua ya miaka ile, miguu mitupu, na lori halikuondoka. Sijui nilikaa huko muda gani, dakika moja au sehemu ya maisha.

Umeme ukakatika.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angerudisha vifundo kwenye alama. Niliviangalia. Nikaona nikivigusa nitapoteza mahali sauti ilipokaa, na sikuwa na kalamu wala karatasi ya kuandika. Nikasema niviache hivyohivyo, umeme ukirudi nisikie tena kidogo, kisha nitengeneze. Nikaegemeza gitaa kwenye uso wa ampli, sauti yake wazi, waya umo, ampli yenyewe sijaizima, nikaenda mlangoni kunyoosha koti. Na wageni wa Likuni walikuwa wanashuka garini. Saa nne kasoro dakika tano, jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulitabiri.

Kila kitu kikaenda haraka. Kwaya iliimba kwa ngoma tu, wageni wakaketi, na mimi nikakalishwa kwenye kiti cha baba, mbele kabisa, mikono imemezwa na koti. Riziki aliketi kwenye mkeka miguuni pangu, kichwa chini, kama inavyotakiwa. Ampli nilikuwa nimeisahau kama mtu anavyosahau ndoto akishanawa uso. Papa Etienne alikaa ng'ambo, kofia magotini, akinipima kuanzia viatu.

"Kabla ya kusemezana," alisema mchungaji wetu, "tuinamishe vichwa."

Tukainamisha. Na katikati ya sala, nikiwa nimefumba macho nusu, nikaona taa nyekundu ndogo ya ampli imewaka.

Nikajua mara moja. Nikajua pia nina pumzi kumi. Lakini kwetu baba wa binti hainuki kitini mpaka waposaji wamwombe kusema, na hakuna anayeinuka wakati wa sala. Pumzi ya pili niliinua makalio kidogo. Papa Etienne alikuwa hasali, ananitazama. Nikaketi. Pumzi ya nne nikamkonyeza Mama Anjela, ambaye aliona namkonyeza, akafumba macho kwa nguvu zaidi. Ya sita nilimwomba Mungu akate umeme. Ya nane zile lampu zilikuwa na rangi ya machungwa, nzuri sana, sitadanganya. Nikasimama.

Nilikuwa nimechelewa. Gitaa lililoegemea ampli lilianza kujisikia lenyewe, nyuzi zikatetemeshwa na sauti, sauti ikaongezwa na nyuzi. Kwanza ulikuwa mvumo wa chini. Mchungaji alidhani waumini wanaitikia, akapandisha sauti, na mama mmoja upande wetu akaanza kunena kwa lugha. Kisha mvumo ukawa mlio, na mlio ukapanda, ukapanda, ukapasua. Nikakimbia. Nikashika kifundo cha nguvu ili kukizima, lakini mkono wa koti ulikuwa umefunika vidole, nikazungusha kitambaa na si kifundo, na kilipokubali kuzunguka kilienda upande wa juu. Nikavuta, nikajikwaa kwenye waya, nikaangukia gitaa kwa kiwiko. Nyuzi zote sita, kwa pamoja, ampli yote wazi.

Sisi ni watu ambao tumeshakimbia vita. Mahali pengine watu wangeziba masikio. Kwetu kanisa zima lililala. Wazee, mabibi, Pascal na suti yake, wote walikuwa chini ya mabenchi kwa wakati mmoja, bila kuambiana, wameweka mikono juu ya visogo. Mama Anjela aliniambia baadaye kwamba alipotua chini alianza kuhesabu watoto kabla hajakumbuka kuwa yuko Malawi.

Nikang'oa plagi ukutani. Kimya. Jogoo waliyekuja naye wageni alitoka nje kwa miguu, hana haraka.

Watu wakaanza kuinuka mmojammoja wakijipangusa vumbi, hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonivunja. Wangecheka ningejua pa kuweka uso. Papa Etienne aliinuka wa mwisho, bila kofia, upara wake una alama ya vumbi. Nikafikiri: nimewakumbusha yote, ndoa imekufa, na mimi ndiye nimeiua. Mchungaji akafungua mdomo kunisaidia. Papa Etienne akamzuia kwa kidole.

"Hii kelele ni ya nani?"

"Ni yangu, papa," nilisema. "Niliacha ampli wazi. Hakuna mwingine."

Papa Etienne alikuwa anamtazama Riziki. Ndipo na mimi nikamwona: yuko palepale kwenye mkeka, ameketi vilevile, kitenge hakijakunjika, mtu pekee katika kanisa zima ambaye hakulala.

"We, binti," alisema Papa Etienne. "Bantu bote balilala. Kwa nini we haukulala?"

Riziki hakuinua kichwa. "Nilijua ni yaya tu."

Mzee akainama. Akaokota kofia yake, akaipiga kwenye goti, akaivaa.

"Mukwe," akaniambia mimi, "kaa kwa kiti yako. Tumekuja kuomba."

Nikakaa. Nikaitikia yote niliyotakiwa kuitikia, kwa sauti ambayo nilisikia kama ya mtu mwingine, na mkono wangu wa koti ulikuwa umechanika hadi kwenye kiwiko.

Riziki sasa yuko Likuni. Mara ya kwanza nilipowatembelea Papa Etienne alinisindikiza hadi barabarani, akahakikisha hakuna anayetusikia, akauliza, "Ile sauti, kabla ya kuanguka. Ile ya kupanda. Unaitoaje?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui tena. Nilipoanguka vifundo vyote vilizunguka, na tangu siku ile natafuta, Jumatano mchana kanisa likiwa tupu, na bado sijafika. Nikifika nitakaa humo kidogo, kisha nitarudisha kila kifundo kwenye sifuri, nitang'oa plagi, na hata bibi harusi akiwa mlangoni atanisubiri.