Breki za Jumamosi, Breki za Jumatatu

Mimi siwezi kukaa ndani ya gari linalolia. Mwingine ataongeza sauti ya redio na kuendelea na safari yake. Mimi nikisikia mlio ambao jana haukuwepo, hata chakula hakishuki. Tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha nilipo. Afrika Kusini nilianza kwa kufagia sakafu ya gereji iliyokuwa ndani ya uwanja wa mbio za magari, na niliondoka nikiwa fundi anayekabidhiwa magari ya mashindano asubuhi ya mbio. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma yangu niliisomea jioni baada ya kazi, mikono ikinuka petroli, na leo imetundikwa katika gereji yangu mwenyewe hapa Igogo, Mwanza, mahali ambapo mteja akiingia hawezi kukosa kuiona.

Mlio ninaousimulia ulianza Jumatatu moja tukiwa tunashuka kutoka nyumbani. Tunakaa juu kwenye mawe, na huko tambarare hakuna. Ukitoka unashuka, ukirudi unapanda. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ukerewe, na gari letu ni hilo hilo moja. Siku za kazi ni lake na watoto. Jumamosi za mbio ni langu.

Sauti ilitoka gurudumu la mbele kushoto, nyembamba, kama kijiko kinachokwaruza ukoko wa sufuria.

"Baba watoto, tulia," mke wangu akasema.

"Sijasema kitu."

"Unapumua kama umepanda kilima cha Bugando kwa miguu. Ngoja tufike."

Ningetuliaje? Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa ya kwetu. Tuko wachache mjini wenye ugonjwa huu wa mbio, na kuna mtu mwenye eneo nje ya mji, lenye lami ya kuzunguka, ambaye hutufungulia geti mara moja moja. Hakuna kombe. Kila mtu na gari lake, na saa ya kumsuta. Nisingeingia pale na sauti nisiyoijua.

Mwanza kila mtu ni daktari wa breki. Mama anayekaanga chapati mbele ya gereji alisema pedi zimekwisha. Mzee mmoja jirani, mwenye lori la mchanga, alinishauri nipake grisi kidogo zitanyamaza.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "lakini ukipaka grisi kwenye breki, atakayenyamaza ni dereva."

"Marahaba. Basi fungeni kengele, muwe kama ng'ombe," akajibu, akaenda zake akicheka.

Sauti ya breki haikisiwi, inahojiwa. Kabla sijashika spana nilimwomba mke wangu aendeshe polepole kwenye kipande kilichonyooka nyuma ya nyumba, nami nikatembea pembeni nimeinama, sikio karibu na gurudumu.

"Majirani watasema umenikosea sasa unanibembeleza," akasema dirishani.

"Kanyaga breki kidogo."

Akakanyaga. Sauti haikubadilika. Hapo nusu ya majibu nilikwisha kuyapata, kwa sababu pedi iliyoisha hulia zaidi ukiikanyaga, au hunyamaza. Haikai vile vile. Nikamwambia akate kona kushoto. Ikalia zaidi. Nikamwambia arudi nyuma. Ikakoma kabisa.

"Si pedi," nikasema. "Kuna kitu kimeingia."

Nikapiga jeki, nikatoa gurudumu. Nyuma ya diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, kuna bati jembamba la kuikinga. Nililivuta kidogo kwa bisibisi, ikadondoka changarawe, na baada yake kipande cha gamba la konokono wa ziwani. Nilimwekea mke wangu kiganjani.

"Ziwa," nikamwambia.

Maana sisi huosha magari ziwani. Tunakatazwa, na bado tunaosha. Unaliingiza gari taratibu mpaka maji yafike nusu ya gurudumu, vijana wanakuja na ndoo na vitambaa, wewe unakaa juu ya jiwe unakula sato. Ndiyo desturi yetu hata baada ya mbio: gari lisipoingia ziwani, watu husema bado halijamaliza.

Hapo mtu wa kawaida angefunga gurudumu akalale. Lakini nilishaziona pedi. Zilikuwa zinang'aa kama kigae, zimeungua tangu mbio zilizopita. Pedi za kwenda sokoni na kanisani hazikuumbwa kwa ajili ya kukamatwa kona baada ya kona bila kupumzika. Zikizidiwa joto, uso wake hugeuka kioo na gari huteleza mbele wakati mguu wako uko chini kabisa. Kabatini nilikuwa na seti ya pedi za mbio, niliyoiagiza kupitia mtu ninayemwamini, nikiisubirisha kama nguo ya harusi. Nikazifunga. Nikabadilisha na mafuta ya breki, kwa sababu yale ya zamani huchemka kwenye joto la mbio, na breki inakuwa kama kukanyaga sponji.

Kisha nikaenda kuzizoesha kwenye barabara ya Kigongo. Pedi mpya hazikimbizwi zikiwa mbichi; unaongeza mwendo, unakamata breki kwa nguvu bila kusimama, unaongeza tena, unakamata tena, mpaka zitoe harufu ya kuungua, halafu unaliacha gari litembee lipoe bila kugusa breki. Waliokuwa wanauza mananasi kando ya barabara walinipungia mikono. "Kaka, gari linaungua!" Nikawapungia pia. Tangu daraja la kuvuka ziwa lifunguliwe, watu wa njia ile wameona wendawazimu wengi wanaokimbilia ng'ambo, nadhani walinihesabu pamoja nao.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Asubuhi iliyofuata pedi zikalia kama nguruwe.

"Umetoa sauti ndogo umeweka kubwa," mke wangu akasema.

"Hii ni sauti ya afya. Ndiyo kawaida yake zikiwa baridi. Ila ukitoka, zipashe moto kwanza. Kanyaga kanyaga njiani kabla hujafika kwenye mteremko."

Alhamisi alichelewa, hakuzipasha. Pale chini, mteremko unapoingia barabara kubwa, alikanyaga mahali anapokanyaga siku zote, na gari likaenda. Lilikuja kusimama pua ikiwa ndani ya barabara. Bodaboda aliyekuwa anapita alilikwepa, akasimama mbele, akarudi kumtukana, kisha akaona watoto nyuma akaacha.

Alinijia gereji mchana, kwa miguu, ufunguo mkononi. Hakupaza sauti. Wateja walikuwepo.

"Hizo pedi zako zinashika?"

"Hakuna pedi zinazoshika kama hizo katika mji huu."

"Zikiwa na moto."

"Zikiwa na moto."

"Na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlimani kwetu, moto unatoka wapi?"

Nikachukua kitambaa, nikafuta mikono.

"Jumamosi nenda," akasema. "Sikuzuii. Lakini Jumatatu nitashuka na gari hili na watoto. Lisiposimama pale linaposimama siku zote, na kwa kukanyaga mara moja, mbio zimekwisha. Utaenda kuangalia za wenzako."

Akaweka ufunguo mezani, akaondoka.

Jumamosi sitaisifu sana, walioniona wanajua. Kuna kona moja baada ya sehemu ndefu iliyonyooka, na wenzangu wote walianza kukamata breki kwenye pipa jekundu. Mimi nililipita pipa, nikahesabu pumzi moja, ndipo nikakanyaga. Gari liliganda kama limeshikwa mkia. Kila mzunguko lilishika vile vile, mguu ukikuta kitu kigumu chini yake. Nilikuwa na haki ya kufurahi, na nilifurahi, lakini kila nilipokanyaga nilikuwa naiona ile barabara kubwa chini ya mlima.

Baada ya hapo msafara ukashuka ziwani. Wenzangu waliingia majini moja kwa moja, magurudumu yakipiga ukelele wa mvuke kama kikaango. Mimi nikasimama juu kwenye nyasi, nikaweka mawe nyuma ya matairi badala ya kuvuta breki ya mkono, ili pedi zisigande kwenye diski zenye moto.

"Mzungu wa Igogo anaogopa maji!" mmoja wao akapiga kelele. Ni rafiki yangu, mfanyabiashara wa dagaa, mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Diski zina moto. Chuma chenye moto hakitiwi maji baridi."

"Tumetia miaka yote!"

"Na miaka yote usukani wako unatetemeka, unasema ni barabara."

Walicheka, yeye akanirushia maji. Sikuingia. Seti nyingine ya diski za gari langu Mwanza hii haipo, na zikipinda leo, Jumatatu hakuna. Nilikaa, nikasimama, nikazunguka gari, nikasogeza kiganja karibu na gurudumu, nikakaa tena. Sato wangu alipoa kabla ya diski. Nilipokuwa naondoka, rafiki yangu alikuwa analitoa lake majini, na kila alipogusa breki pua ya gari ilikuwa inatikisika kama mtu anayekataa. Alinitazama. Akapandisha kioo.

Jumapili baada ya kanisa nilivua pedi za mbio, nikazisugua diski kwa msasa kuondoa utando ulioachwa na pedi hizo, nikafunga pedi mpya za kawaida, nikashuka na kupanda mlima peke yangu mpaka mke wangu akaniita chakula mara ya tatu.

Jumatatu niliomba kukaa mbele. Tulishuka dirisha likiwa wazi. Sikusikia kitu, na ukimya ule ulinitesa kuliko mlio. Pale chini akakanyaga mara moja. Gari likasimama mahali pake, taratibu, pua nje ya barabara.

Nilianza kufungua mkanda. Yeye akageuza gari, akapanda tena mlima mpaka kwetu.

"Mama, tutachelewa!" watoto wakalia.

Akashuka mara ya pili, kwa kasi ambayo mimi mwenyewe singeiruhusu, akakanyaga kwa nguvu. Mikoba ya shule iliruka kutoka kwenye kiti. Gari likasimama pale pale.

"Ijumaa utaziweka zile?" akauliza, macho mbele.

"Ijumaa jioni."

"Na Jumapili unazitoa."

"Kabla ya chakula."

"Kabla ya kanisa," akasema. "Sasa shuka, gereji yako ni huku."

Nikashuka. Nilisimama kando ya barabara nikisikiliza gari langu likienda, nikilitegea sikio gurudumu la mbele kushoto, mpaka likapotea kwenye kelele za mengine, ambayo karibu yote yalikuwa yanalia.