Kilimi cha Mama

Nilipokuwa mtoto kule Kalamba, watu wazima wenye mashamba na Biblia zao waliamini kwamba kilimi kikirefuka hulamba sauti ya mtu mpaka iishe. Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Sijui kilikosea nini mpaka kikasingiziwa hivyo.

Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Mwaka mmoja sauti yake ilianza kukwaruza. Kila asubuhi aliamka akikohoa na kusafisha koo, akilalamika kwamba mdomo umejaa uchachu na kifua kinamchoma. Usiku alirudi kutoka mazoezi ya kwaya amechoka, akala sahani kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwa chai ya rangi, papo hapo akalala. Hilo hakuna aliyeliangalia. Susu, mama yake baba, alimshika taya, akamchungulia mdomoni na kutoa hukumu: kilimi. Mkutano mkubwa wa makanisa kule mjini Wote ulikuwa umekaribia, na mama ndiye angeimba peke yake mbele ya watu wote, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kufikiri. Kwao kufikiri kulikuwa kazi ngumu hata siku za kawaida.

Akaitwa Mzee Nzioka, mkata vilimi. Alikuwa na spoku ya baiskeli iliyofuliwa ikapinda ncha, na majivuno ya kuwatosha madaktari kumi. Nilitazama kutoka mlangoni. Alikata, mama akatema damu, naye akatuonyesha kile kipande kama mtu aliyeua nyoka.

"Mngengoja kidogo tu, huyu angekuwa bubu," alisema. Akapewa jogoo.

Mama hakuimba kule Wote. Kidonda kilipona, lakini sauti haikurudi tena. Nzioka alipoulizwa alisema tulichelewa kumwita, na Susu akaitikia kwa kichwa. Mjinga hakosi jibu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, koo langu nalo lilianza vivyo hivyo. Daktari alisema ni asidi inayopanda kutoka tumboni nikilala na kuunguza koo mpaka kwenye kikoromeo, sauti inapotokea. Aliniandikia dawa, akaniambia nile mapema, nipunguze chai na niinue kitanda upande wa kichwa. Baada ya miezi michache nilikuwa nikifundisha kama kawaida.

Nilimpelekea mama habari hizo kwa hasira, nikitaka tumlaani Nzioka pamoja. Alikuwa akichagua kunde.

"Kwa hivyo kilimi yangu haikuwa na makosa," alisema kwa ile sauti yake iliyokwaruzika.

"Haikuwa, Mama."

Akaendelea kuchagua kunde.

Nimemdharau Nzioka tangu utotoni na sitaacha. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba Susu alimpenda mama, na kanisa zima lilimpenda. Kati yao wote hakuna aliyejua kinachomsumbua, wala hakuna aliyekuwa na adabu ya kusema hajui.