Mshale Uliokaa Sifuri

Heri mkasa huu muusikie kinywani mwangu, kwa sababu unaosimuliwa mtaani umetiwa chumvi, nami uvumi siupendi hata unaponihurumia kuliko ukweli (na huu, kwa aibu yangu, unanihurumia).

Nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu. Siku hiyo wageni walikuwa wamevuka ziwa kutoka Sengerema kuzungumzia mahari ya binti yetu Neema, na mke wangu alikuwa amewawekea samaki, sato, kwenye friza, ambayo asubuhi ileile ikanyamaza. Jirani akasema soketi ina umeme, friza ndiyo mbovu. Nikamjibu kwamba maneno si kipimo, nikaleta mita ya mshale niliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu pale Nyamagana, mita nzito ya zamani, kioo kimejaa vumbi, imeandikwa volti sifuri hadi mia tatu. Miwani niliiacha chumbani. Tarakimu kubwa vile, miwani ya nini?

Wageni wakitazama, nikafungua soketi, nikaunga nyaya. Mshale ukatetemeka kidogo, ukatulia palepale kwenye sifuri.

"Hakuna umeme hapa," nikatangaza.

"Lakini Baba Neema," akauliza baba wa kijana, mfugaji mpole, "mbona taa inawaka?"

"Taa ina njia yake, mzee mwenzangu."

"Acha tu, Baba Neema," mke wangu akanisihi, "nitachinja kuku."

"Mama Neema, chombo hakidanganyi!" Na ili kuufunga mjadala, nikaugusa waya kwa kidole.

Sikujua kwamba mzee wa umri wangu anaweza kuruka. Nilirushwa kinyumenyume, nikamwita marehemu mama yangu kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika ziwani, nikatua mapajani mwa mama wa kijana, mkwe wangu mtarajiwa, soda yake ikatumwagikia sote wawili. Kijana mwenyewe, kwa heshima, aligeukia ukutani. Nilikuwa hai, ndiyo, lakini moyoni nilijua nimeivunja posa ya mwanangu.

Neema akazima swichi kuu kwanza, kisha akaifuta mita vumbi.

"Baba, chini ya tarakimu kuna alama ya mstari mnyoofu. Hii ni ya umeme wa betri. Umeme wa nyumbani unausukuma mshale huku na huku upesi mno, unabaki sifuri. Ulinifundisha wewe."

Baba wa kijana akakohoa, akanitazama pale nilipoketi, bado mapajani mwa mkewe.

"Binti tumemkubali," akasema. "Huyu anasoma mpaka chini."

Tangu hapo nimeapa sitakiamini chombo ambacho sijakisoma uso mzima, tena kwa miwani. Lakini kiapo hakijanisaidia: kila nikitamka neno kwa uhakika, hata kuhusu mvua, baba wa kijana, sasa mkwe wangu, huniuliza kwa upole, "Baba Neema, umeshagusa?"