Sahihi ya Baba Kwenye Daftari la Mofini

Shule ya jioni niliisoma muda mrefu mpaka dawati likaanza kufanana nami. Nilipopata cheti cha ufamasia nikafungua duka la dawa Nkubu. Baba, aliyeishi peke yake kule Timau, akanipa cheo: daktari wa jua kuzama.

Yeye alikuwa dresa hospitalini kabla ya Uhuru, mfunga vidonda na mchanganya dawa. Alikoroga dawa ya kikohozi kwa mapipa. Ukimsikiliza, Meru nzima iliacha kukohoa. Wasiojua kusoma aliwakatia kipande cha karatasi chenye meno, akakibandika ubavuni mwa chupa. Kila jino, dozi moja.

Lakini kabati la sumu lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mfamasia mzungu. Sheria ilimjua mwenye cheti, na cheti hakikutolewa kwa mtu wa rangi ya baba. Mzungu alifungua, baba akapima mofini, ile dawa kali ya maumivu, mzungu akatia sahihi daftarini. Miaka yote hiyo jina la baba halikuingia mle hata kwa bahati mbaya.

Saratani ilipomshika, hospitali ilinipa mofini ya maji ya kumpa nyumbani, pamoja na daftari la kuandika kila dozi. Nilifunga duka nikahamia kwake. Baridi ya Timau hugandisha salamu kabla haijamfikia jirani, na jirani mwenyewe yuko ng'ambo ya shamba la ngano. Mama alikuwa ametangulia zamani. Tulikuwa wawili tu na redio.

Asubuhi ya kwanza nikapima dawa, nikaandika. Nilipomletea, Baba akafunga mdomo.

"Nani amepima?"

"Mimi, Baba."

"Na sahihi?"

"Mimi pia."

"Mtu mmoja? Hiyo ni sumu, kijana, si uji. Hata yule mzungu hakuwa mjinga hivyo."

Siku mbili alilala bila dawa, akiuma pindo la blanketi. Nilimtania, nikamsihi, nikapiga magoti. Mimi ninayeweza kuliuzia jiwe dawa ya mafua, nikashindwa kumuuzia baba yangu dozi moja.

Siku ya tatu nikamwekea mkasi, karatasi na chupa mapajani.

"Pima wewe, Baba. Utie sahihi. Mimi nitashuhudia."

"Nani ameruhusu?"

"Mwenye cheti."

"Cha jioni."

"Cha jioni, ndiyo."

Akacheka mpaka maumivu yakamkatiza. Akashika mkasi, na meno ya karatasi yakatoka sawasawa. Akapima. Akaandika majina yake yote matatu, akiinua kalamu kila herufi. Kisha akanywa, akalala mpaka saa ya kukamua ng'ombe.

Tulifika jino la kumi na moja.

Tulipomzika, dawa iliyobaki niliirudisha hospitali, kama sheria inavyotaka. Muuguzi akafungua daftari.

"Huyu aliyepima kila mara, ni daktari?"

"Ni dresa," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaiweka chupa kabatini, akafunga kwa ufunguo. Karatasi yenye meno ilikuwa bado ubavuni. Sikuomba kuibandua.

Sasa nimerudi dukani. Mchana wateja wakipungua hutoa kidonge changu cha presha, nikakiweka kiganjani. Nimepima mwenyewe, nimeshuhudia mwenyewe. Hukitazama kwanza kiti kitupu cha wateja, kidogo tu, kama nangoja mtu aulize, "Na sahihi?", ndipo nikameza.