Fundi wa nyasi amezikataa nyasi zangu

Leo nimemwita fundi aniambie bei ya kutunza nyasi za mlangoni kwangu hapa mtaa wa Tena.

Mnaujua ukubwa wa uwanja wenyewe. Nikilala juu yake, miguu inabaki kwa jirani.

Nyasi hizo mke wangu alizileta kwa gunia kutoka kwao Busia, mamake akiwa bado hai. Sasa zina rangi ya chai ya rangi.

Fundi akavuta shina moja, likang'oka bila kubishana.

"Mzee, kukata ni elfu moja. Lakini hapa hakuna cha kukata. Hizi zinataka maji."

"Ya mfereji huja Alhamisi," nikamwambia, "yakikumbuka."

"Basi ununue ya mkokoteni. Elfu tatu kila wiki, na mbolea kando."

Nikacheka peke yangu.

"Ng'oa tu uweke matofali ya kabro kama wenzako, mzee. Nisile pesa yako bure."

Kugeuka, mama watoto yuko mlangoni na beseni la maji ya kusuuza vyombo. Amesikia yote.

Akayamwaga kwenye nyasi polepole, akarudi ndani.

Nyinyi mlioweka kabro, mliwaambiaje wake zenu?