Siagi ya kijani ya Kassimu

Leo nimetubu dhambi zangu kwa sauti, nikiwa nimekaa sakafuni jikoni.

Nilirudi kutoka chuoni na njaa, nikakuta siagi ya kijani kwenye sufuria. Nikapaka mkate, nikala vipande vitatu. Tamu kweli!

Ndipo akaingia Kassimu, ninayeishi naye.

"Umekula siagi yangu? Hiyo ina bangi! Nilikuta kifuko cha majani makavu kabatini, nikayachemsha na siagi kama walivyoandika mtandaoni."

Jamani. Bangi! Hapa China! Na mimi nasoma kwa ufadhili!

Moyo ukaenda mbio. Wallahi niliuona ukuta unapumua. (Msicheke.)

Nikakaa chini, nikaanza: "Ya Rabi nisamehe, ile halua ya Mama Zuhura niliimaliza mimi, nikamsingizia Kassimu."

Nikainua macho.

Mama Zuhura, mfanyabiashara wa Unguja aliyefikia kwetu, alikuwa kasimama mlangoni na mifuko yake ya viatu kutoka soko la Zhanxi. Akasogea, akanusa sufuria.

"Nani kaupika mlonge wangu wa presha?"

Mlonge! Dawa ya nyumbani! Ukuta ukaacha kupumua papo hapo. Kassimu akacheka mpaka akashika kabati.

Mama Zuhura hakucheka.

"Mlonge nimekusameheni," akasema, akavuta kiti. "Haya, mwanangu, hebu turudi kwenye halua."

Kuna mtu anatoka Unguja wiki hii? Nibebee halua kilo mbili, tafadhali. Mama Zuhura bado kakaa pale pale.